Sajini Karudi Mikono Mitupu

Ipole, 10 Februari 1957

Kasimiri mdogo wangu,

U hali gani huko kwenye joto? Sisi wazima. Mimi kifua kilinibana wiki mbili kwa ajili ya mvua, lakini sasa kimeachia. Anselm ameingia darasa la nne na anasoma kila karatasi anayoiona, hata zile anazofungia Pradip sukari dukani. Imakulata mdomo wake hauna likizo. Baba mkwe, Mzee Ngollo, bado anaingia porini kwenye mizinga yake ya nyuki. Nikimwambia apumzike ananiuliza kama nimechoka kula asali.

Mchezo wenu wa redio tunausikiliza kila Jumamosi saa kumi na moja. Pradip anaiweka redio dirishani na sisi tunajaa barazani, watu wanatoka hadi ng'ambo ya mto. Yule Sajini Kikoti wenu anatumaliza! Tunamngoja aombe maji ya kunywa, maana tumeshajua, akishakunywa tu mwizi amepatikana. Halafu baraza zima tunapiga kelele pamoja naye: "Mwenyewe asimame!" Juzi Pradip mwenyewe alisimama, wateja wakacheka mpaka wakasahau walichotumwa. Nawaambia watu, haya maneno anayaandika mdogo wangu, niliyembeba mgongoni. Wengine hawaamini.

Sasa nisikilize vizuri. Kuna mtu anaitwa Nikolaus, fundi cherehani anayeshonea hapo hapo barazani kwa Pradip. Mkewe alifariki mwaka juzi. Ni mtu mpole, hanywi, na Imakulata anamsumbua kutwa nzima wala hakasiriki. Ameniomba tuoane. Na mimi, Kasimiri, nataka. Nalisema hivi hivi bila kuzunguka kwa sababu wewe si mtoto tena.

Tulikwenda kwa Padri. Padri hakutufukuza, ila alisema ndoa yangu na Alois haifunguliwi na kitu chochote isipokuwa kifo. Kama Alois amekufa, iletwe barua ya mtu aliyeona kaburi, basi atatufungisha. Kama yu hai, mimi ni mke wake hata akikaa huko miaka hamsini. Na mimi sijui, Kasimiri. Mwaka wa tisa huu sijui kama ni mke au mjane. Neno la mwisho nililopata ni kwamba aliacha kukata mkonge Tanga akaenda Dar es Salaam. Wewe uko huko huko. Ulizia. Ukiambiwa amekufa, niandikie. Ukiambiwa yu hai, niandikie vile vile.

Watoto wanakuamkia.

Dada yako, Pelagia

———

Dar es Salaam, 3 Aprili 1957

Dada Pelagia, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimenikaba koo. Nafurahi kifua kimeachia. Mimi ni mzima, bado nimepanga chumba kile kile Ilala. Msalimie sana Mzee Ngollo, na mwambie Anselm nitamletea vitabu nikija.

Mmenifurahisha na habari za barazani. Nilimsomea Shomari barua yako, mahali pale tu, akavimba kichwa. Shomari ndiye sauti ya Sajini Kikoti. Ungemwona usingeamini, mtu mnene, mwoga wa mbwa, hata kwetu haji mpaka nimtokee barabarani nimshike mkono. Lakini akikaa mbele ya maikrofoni anakuwa sajini kweli kweli, hata sisi tunamwogopa.

Mimi siandiki tu, natengeneza na sauti. Ile mvua mnayoisikia ni mchele namwaga polepole kwenye sinia la bati. Mlango wa kituo cha polisi ni kasha la chai nimelitia bawaba. Sajini akimfukuza mwizi, mimi ndiye ninayekimbia, nimevaa viatu vyake vikubwa, nakimbia pale pale juu ya ubao mpaka jasho linanitoka. Mkuu wetu anasema mchezo huu una watu wengi kuliko michezo yote, na siri yake ni moja: kila Jumamosi mambo yaishe vile vile. Mtu aibiwe, washukiwa wawe watatu, maji yaletwe, mwenyewe asimame. Watu wamechoka na wiki nzima, anasema, wanataka kujua kwamba kuna mahali ambapo kila kitu kinapatikana.

Lile jambo lingine nimelisikia. Dar es Salaam ni kubwa, dada. Nitaona.

Mdogo wako, Kasimiri

———

Ipole, 5 Mei 1957

Kasimiri,

Salamu zako zimefika. Watoto wazima, mimi mzima. Mzee Ngollo aliteleza mtoni akaumia goti. Kakaa nyumbani siku nne akigombana na kuku, siku ya tano akarudi porini.

Umejaza kurasa mbili kwa mchele na masinia, na mume wangu umempa mstari mmoja. Unanionaje? Mimi nimekulea, nakujua. Ulipokuwa mtoto ukivunja chungu ulikuwa unakuja kunisimulia habari za ndege.

Niambie umeuliza wapi na wapi. Umekwenda kwa Wanyamwezi wenzetu wa huko? Umeuliza bandarini? Umeuliza hospitali? Mzee Ngollo amechonga mizinga mipya sita mwaka huu, na miwili kati ya hiyo kaitia alama ya Alois kama kawaida, kana kwamba mwenyewe atatokea kesho kuja kuipandisha mitini. Namtengea chakula tu.

Babu yetu alikwenda pwani kwa miguu na jino la tembo begani. Bibi alisema alikaa miezi kumi na minne, na wanawake wa njia ile yote, kuanzia huku mpaka Ugogo, walikuwa wakihesabu miezi kwa vifundo vya kamba. Lakini msafara ulikuwa unarudi, na kama mtu amekufa njiani, wenzake walikuwa wanakuja mlangoni kusema. Mimi mume wangu alipanda treni Tabora, siku mbili tu yupo pwani, na hakuna aliyekuja mlangoni kwangu kusema kitu.

Jioni watoto wakilala nakaa na kibatari sina wa kuzungumza naye. Nikolaus hawezi kuja nyumbani, watu wana macho. Nachoka, Kasimiri. Nijibu.

Pelagia

———

Dar es Salaam, 20 Juni 1957

Dada yangu, shikamoo.

Pole kwa goti la mzee. Huku tunaendelea. Mvua zimekwisha, embe hakuna, samaki wapo.

Nimeulizia hapa na pale. Sina la kukuandikia.

Jumamosi tarehe 13 Julai usikose barazani kwa Pradip. Mchezo wa siku hiyo nimeuandika peke yangu, na nimegombana na mkuu wetu wiki mbili mpaka akaukubali. Si kama ile mingine. Usikilize mpaka mwisho, na ukiisha, tafadhali dada, usiniulize tena.

Kasimiri

———

Ipole, 15 Julai 1957

Kasimiri mdogo wangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Tumo kwenye kurina asali, nyumba nzima inanata, Imakulata kaumwa na nyuki kope la jicho, anaona kwa moja. Mzee goti limepona.

Nilikwenda. Nilikaa mbele kabisa, karibu na dirisha, na Nikolaus alikuwa kwenye cherehani yake kaacha kushona. Tulijua kama kawaida mtu ataibiwa. Hakuibiwa mtu. Akaingia mwanamke kituoni, sauti ya chini, akasema, "Sajini, nimepotelewa na mume." Watu wakatazamana. Mama mmoja nyuma yangu akauliza, sasa mwizi ni nani hapo?

Sajini akapanda treni. Akauliza sokoni, akauliza bandarini, kila mtu akimwambia hamjui. Tukangoja washukiwa, hawakuja. Hata maji hakuomba. Kisha akafika kwenye nyumba moja ya makuti, akasema peke yake, kwa ile sauti ya Shomari wako, "Naona alama kwenye mwimo wa mlango. Duara, na chini yake mikato mitatu." Akabisha hodi. Tukasikia mlango, lile kasha lako la chai, ukafunguka. Halafu kimya. Kimya kirefu mpaka Pradip akasogea kuangalia kama betri imekufa. Na tuliposikia tena, sajini amekwisha kurudi kituoni, yuko mbele ya yule mwanamke, anamwambia, "Mama, sikumpata." Mwanamke akasema, "Ahsante, sajini." Basi. Ngoma ya mwisho ikapigwa.

Ungesikia kelele! "Anatudanganya huyu! Mlango si umefunguliwa?" "Mwenyewe hakusimama!" Pradip aliizima redio akasema sajini leo ana homa. Mzee Kornel alitaka kukuandikia barua ya malalamiko, akanifuata mimi nimpe anwani. Wamebishana mpaka magharibi kama alimpata au hakumpata. Nikolaus alikuwa ananitazama mimi tu.

Sasa nikufundishe kitu, kwa sababu wewe walikupeleka shule Tabora ukiwa mdogo, mzinga hukuuchonga, na ya porini huyajui. Alama ya duara ni ya akina Ngollo. Kila mzinga wao unayo, na hilo unalijua, umeiona tangu utotoni. Usilolijua ni ile mikato. Kwa akina Ngollo mwanamume akipata mtoto anakwenda kwenye mizinga yake anaongeza mkato mmoja chini ya duara. Mzee ana saba. Alois alipoondoka alikuwa na miwili. Wa kwanza wa Anselm, wa pili wa Imakulata, aliukata wiki ile ile aliyopanda treni, mtoto ana miezi mitatu, nilimshikia taa mwenyewe ghalani. Mizinga yote ya Alois iliyoko huku, hata hii mipya ya mzee, ina mikato miwili.

Umeandika mitatu.

Kama ungeitunga kichwani ungeandika miwili, kwa kuwa ndiyo uliyoiona huku, au ungeandika duara tu. Umeandika mitatu kwa sababu umeiona mitatu. Umesimama mbele ya mlango huo wewe mwenyewe na macho yako. Alois yu hai, na ana mtoto ambaye sikumzaa mimi.

Nimemaliza kazi ya sajini wako. Sasa sema.

Dada yako, Pelagia

———

Dar es Salaam, 2 Agosti 1957

Dada yangu mpenzi, shikamoo, shikamoo tena.

Sijui nianze wapi salamu. Mtoto jicho limepona?

Ni kweli. Nilimwona mwezi wa Desemba, kabla hujaniandikia hata ile barua ya kwanza. Nilikuwa napita Buguruni, nikaona alama ya kwetu kwenye mwimo wa mlango, nikasimama nikicheka peke yangu, nikasema leo nimepata jamaa wa nyumbani. Nikabisha hodi. Akafungua yeye. Dada, tulisimama tukitazamana, hakuna aliyeweza kusema. Kile kimya mlichokisikia kwenye redio ndicho. Nilimlazimisha Shomari akae kimya nikihesabu mpaka ishirini na tano. Mkuu wetu aliniambia sitarudia tena mambo hayo.

Ana mke anaitwa Amne, na mtoto wa kiume wa miaka minne hivi. Anapasua mbao. Nilimuuliza kwa nini hakurudi. Alisema alitoka kwenye mkonge bila kitu, nguo yake ni moja, na hakuweza kushuka Tabora mikono mitupu, mtu ambaye babu zake walirudi kutoka pwani na marobota ya nguo. Akajiambia akae mwaka mmoja apate cha kurudi nacho. Mwaka wa pili akaona aibu kwa kuwa amechelewa. Wa tatu hivyo hivyo. Alimuulizia mzee, akawaulizia watoto. Wewe alishindwa kukutaja jina. Nilipotoka alinishika mkono kwa nguvu akasema, "Kasimiri, mwambie hukunipata." Hayo maneno ndiyo niliyompa sajini. Mimi mwenyewe nisingeweza kukuandikia uongo kwa kalamu yangu, nikaona nimpe Shomari auseme. Nilidhani utalia siku mbili halafu utapumzika. Mikato sikuihesabu hata, niliandika kama nilivyoiona. Mimi mjinga.

Watu wameandika malalamiko gunia zima, na Jumamosi hii sajini anarudi kwenye kazi yake, kuna mwizi wa baiskeli.

Dada, nimeandika barua nyingine, imo humu ndani ya bahasha, imefungwa mbali. Ni kwa Padri. Nimesema nilihudhuria mazishi ya Alois mwana wa Ngollo mwezi wa Desemba, na kaburi nimeliona, na nimetia sahihi. Dhambi hiyo ni yangu mimi. Wewe mpe tu. Hajui mtu yeyote zaidi yetu, na Alois hatakanyaga tena huko. Olewa, dada. Umengoja vya kutosha.

Mdogo wako aliyekukosea, Kasimiri

———

Ipole, 2 Septemba 1957

Kasimiri mdogo wangu,

Jicho la mtoto limepona. Anselm anakuulizia vitabu, usimwahidi mtoto kitu halafu unyamaze. Mzee yuko porini. Ule mchezo wa mwizi wa baiskeli tuliusikia, maji yalinywewa, mwenyewe alisimama, na Mzee Kornel ameusamehe uzao wetu wote. Mimi sikwenda barazani, niliusikia tokea njiani.

Kwanza ujue sina kinyongo nawe. Nililia, ndiyo, na siku mbili hazikutosha. Nilimlilia Alois kwa hasira, maana mimi hata angerudi uchi ningemfungulia mlango, na yeye alikuwa analijua hilo. Halafu nikakulilia wewe uliyekaa na jambo hilo peke yako tangu Desemba. Tumekuwa wapweke wawili tunaandikiana habari za mvua.

Barua ya Padri niliiweka chini ya godoro wiki mbili. Sitakuficha, niliipenda. Nilikuwa naitoa naisoma, nasema, ona, mjane, mtu huru. Nikolaus nilimwambia tu imefika barua kutoka kwako, ina habari, na Padri akija kigangoni twende wote wawili. Alishona koti lake jipya siku tatu. Sikuwa na moyo wa kumweleza zaidi, na ukiniuliza ningemweleza lipi kati ya mawili, hata mimi nilikuwa sijui.

Jumamosi nilimkuta Mzee Ngollo anaunoa wembe wake anyolewe kichwa, kwa joto tu, si kwa kitu kingine. Nikaona jinsi itakavyokuwa nikiitoa barua ile. Yeye atanyolewa kwa msiba wa mwanawe aliye hai. Watu watakuja kukaa matanga, watapika, watalia, na mimi nitakuwa katikati nimejifunika. Anselm na Imakulata watafundishwa kumwombea baba yao marehemu kila usiku, wakipiga magoti, na mimi nikiwasikia kitandani kwangu mpaka wakue. Ningeweza kumdanganya Padri. Mungu angenihukumu tumalizane. Lakini ule msiba, Kasimiri, nisingeweza kuukaa.

Jana Jumapili Padri alikuja. Baada ya misa watu wakatoka, tukabaki mimi na Nikolaus na koti lake, amesimama nyuma yangu kidogo, baiskeli kaishika mkononi. Barua ilikuwa kwenye pindo la khanga, nimeishika ndani ya ngumi. Padri akatusalimu, akawaulizia watoto, akamuulizia mzee, halafu akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza asichotazamia kujibiwa, "Na Alois je, Pelagia?"

Nikasema, "Hajambo, Padri. Yuko Dar es Salaam."

Padri alifurahi kwa kweli, uso wote. Akanishika mikono miwili akasema, "Mungu ashukuriwe!" Nyuma yangu nikasikia magurudumu ya baiskeli yanageuzwa kwenye mchanga, yanaondoka polepole, na sikugeuka kutazama. Nikamwitikia Padri, "Ashukuriwe."

Dada yako, Pelagia